Njia ya Kwenda Kibanda cha Lihekwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa debe la maji. Nilikuwa nimeripoti Mbinga asubuhi, barua ya ajira imo kwenye bahasha ya kaki, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, nami nikitegemea kuonyeshwa meza yangu. Afisa Misitu wa Wilaya alikuwa mzee mrefu aliyependa kutembea mikono ameifunga mgongoni. Aliitikia shikamoo yangu, akaisoma barua mpaka mwisho, kisha akaninyooshea kidole kwenye kitalu cha miche kilichokuwa juu ya kilima nyuma ya ofisi.

“Peleka debe hili kule juu,” alisema. “Mimi nipo hapa nakutazama.”

Nililitupia begani nikapanda kwa pupa, maana nilitaka aone kuwa amepata kijana mwenye nguvu. Sikuhangaika na njia iliyokuwa ikizunguka kilima. Nilikata moja kwa moja, nikashika majani, nikateleza, nikainuka. Nilipofika kitaluni nusu ya maji ilikuwa kwenye suruali yangu, na akina mama waliokuwa wakijaza udongo kwenye viriba vya miche walikuwa wanacheka bila kujificha. Mzee alikuja taratibu kwa ile njia ya kuzunguka, akachungulia ndani ya debe.

“Kwa nini umepita pale?”

“Ndiyo njia fupi, mzee.”

“Fupi kwa nani?”

Akaniambia nikae kwenye gogo nimtazame mama mmoja aliyekuwa akipandisha debe lake kichwani. Alipita njia ya kuzunguka, akatua chini, na maji yake yalikuwa yamejaa kama alivyoyateka. “Sisi tunapima njia kwa mtu mwenye debe,” alisema mzee. “Hatuipimi kwa kijana aliyeshiba.” Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa katika idara ya misitu, na bado suruali ilikuwa inachuruzika.

Mimi ni Mnyasa, mtu wa ziwani, kutoka upande wa Liuli. Huko juu kwa Wamatengo nilitaniwa tangu siku hiyo mpaka nastaafu. Waliniita mtu wa usipa, wale dagaa wa ziwani, wakisema miguu yangu imezoea mchanga na kwamba nikiona mlima natafuta mtumbwi. Niliuzoea utani huo, hata nikawa nautumia mwenyewe nikitaka kupumzika. Kazi yangu ilikuwa mhudumu wa misitu. Mhudumu hufyeka mkuza, ule ukanda unaoachwa wazi kwenye mpaka wa msitu wa hifadhi ili kila mtu aone serikali inaanzia wapi. Hutunza miche, huzima moto, na zaidi ya yote hutembea. Kwa sababu hakuna aliyependa kutembea kama mimi, taratibu ikawa kazi yangu maalumu kuchagua njia za miguu za kwenda kwenye vituo vya mbali. Watu wa ofisini wakawa wananiita Bwana Miti, ingawa miti niliijua kwa kiasi tu na njia ndizo nilizozijua sana.

Nitaeleza tulivyokuwa tukifanya, kwa kuwa nimeona vijana wanadhani tulikuwa tunabahatisha. Kwanza unaikunjua ramani, unatazama kontua. Kontua ni mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Ikiwa imebanana ujue mteremko ni mkali, ikiachana ujue utapumua. Halafu unakwenda mwenyewe na dira, na unahesabu hatua. Mfuko wangu wa kulia ulijaa kokoto. Kila hatua mia moja nahamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kushoto, na jioni nahesabu kokoto najua nimekwenda umbali gani. Mke wangu alilalamika miaka yote kwamba mifuko ya suruali zangu inatoboka upande mmoja kwanza. Njia nzuri iwe na maji ya kunywa kabla mtu hajachoka, iwe na mahali pa kujikinga mvua, na isimfikishe mtu kwenye korongo saa ya mchana ambayo vijito vinafurika. Ukishaipata unaiwekea vigingi vilivyopakwa chokaa kichwani.

Nilihamishwa mara nyingi. Nilikaa upande wa Liparamba, ambako siku nyingi nyayo za wanyama zilikuwa nyingi kuliko za watu. Nikapelekwa Chiwanda kwenye kitalu, mahali pa joto ambapo miche ilikuwa inakauka na mimi nanenepa kwa samaki. Kila mkuu niliyemkuta alikuwa na namna yake. Mmoja alitaka ripoti kila Ijumaa hata kama hakuna kilichotokea, nami nikawa bingwa wa kuandika kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye nikarudishwa Mbinga, na hapo ndipo inapoanza habari ya Lihekwa.

Lihekwa ni mlima ulioko upande wa nyuma ya kijiji cha Kitura, na karibu na kilele chake kulikuwa na kibanda cha idara. Kilikuwa cha mawe, vyumba viwili, bati juu, na mbele yake kipimamvua, yaani kopo la shaba lililosimikwa ardhini ambalo maji yake hupimwa kila siku saa tatu asubuhi. Wakati wa kiangazi mlinzi wa kibanda aliangalia moto, na mwaka mzima aliandika mvua. Mlinzi huyo alikuwa mama mmoja mjane, Otilia Komba. Mumewe ndiye aliyeajiriwa kwanza. Alipofariki, idara ikaona mjane anaijua kazi na haina mtu mwingine wa kumpeleka, basi ikamwandika yeye. Wakati ninaouzungumzia alikuwa ametimiza miaka tisa peke yake kule juu, na daftari lake la mvua halikuwa na siku hata moja iliyorukwa.

Hii ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria. Mjini Mbinga mambo yalikuwa yanabadilika hata ukifumba macho unasikia. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na malori yao, mitumba ilianikwa kando ya barabara, na sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilikuwa inatupigia kelele kutoka kila duka. Ofisini kwetu upepo ulivuma upande mwingine. Gari la idara liliwekwa juu ya mawe na halikushushwa tena. Yule mzee wa debe alikwishastaafu, na mahali pake alikuwepo Kaimu Afisa Misitu, kijana msomi, mwenye adabu, ambaye kila wiki alipokea barua yenye neno kupunguza. Kupunguza matumizi, kupunguza vituo, kupunguza watumishi.

Siku moja Kaimu aliniita akafunga mlango.

“Kamati inakuja kutoka mkoani mwishoni mwa Machi,” alisema. “Kituo chochote ambacho hakifikiki kwa siku moja kutoka barabarani, kinafungwa. Lihekwa imo kwenye orodha.”

“Na Mama Otilia?”

“Kituo kikifungwa, mlinzi anapunguzwa. Hapo hakuna mjadala.”

Nilimfikiria yule mama akishuka na godoro lake kichwani, mjane, bila kiwanja wala shamba ninalolijua, nikaona uchungu. Nikamwambia Kaimu anipe ruhusa, nitapata njia ya siku moja. Wakati huo wageni wote walikuwa wakichukua siku moja na nusu, wakilala shuleni Kitura. Kaimu alinitazama kama mtu anayetaka kuamini. Alisema, “Bwana Miti, ukiipata hiyo njia, nitaisimamia mbele ya kamati.”

Ilikuwa Oktoba, nchi kavu. Kulikuwa na njia tatu za kufikiria. Ya kwanza inatoka ziwani, inapanda ukuta wa mlima mpaka kifua kinawaka. Hiyo niliiacha kwa kuwa kamati ingetoka Mbinga. Ya pili inafuata kijito. Kwenye ramani hii ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, na mimi mtu wa maji niliipenda. Nikaipita mara mbili nikipiga mluzi. Lakini niliona takataka za mafuriko zimenasa kwenye matawi juu ya kichwa changu, nikafikiria mtu mwenye debe, nikaiacha kwa shingo upande. Ya tatu ilipita mgongoni mwa mlima, kwenye mashamba ya watu. Ilikuwa ndefu kwa kokoto nyingi, lakini mwinuko wake ulikuwa wa kistaarabu, na maji yalikuwepo kila baada ya mgongo mmoja. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mengine yamelala majani, na katikati yake kuna njia pana, nyeupe, zinazotembewa. Nilianza saa moja asubuhi nikafika kibandani saa nane mchana bila kukimbia.

Mama Otilia alinipokea kama kawaida, akanipa ugali na maharage, akakaa kwenye kigoda chake kutazama ninavyokula. Nikamweleza habari ya kamati. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Wakikifunga,” aliuliza, “nitashuka mwezi gani?”

“Usiogope, mama. Hawatakifunga. Nimeshapata njia.”

Alichukua sahani yangu akaenda kuiosha. Nilimwona amezidiwa na shukrani, na nikashuka siku ya pili nikijisikia mtu wa maana.

Mwezi ule ule niliweka vigingi. Vilikuwa mia mbili na ushee, nimevichonga mwenyewe, chokaa kichwani, kila kimoja kinaonekana kutoka kwa mwenzake. Kaimu alichora ramani mpya kwa wino mwekundu akaituma mkoani. Kazi ilikuwa nzuri, nami niliisifu kila mahali nilipopata mtu wa kunisikiliza.

Siku kumi kabla ya kamati kuja nilikwenda kuikagua njia yangu, na haikuwepo.

Siongezi chumvi. Mlima mzima niliouacha umevaa majani makavu sasa ulikuwa umechimbwa ngolo. Kwa asiyejua, ngolo ni mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko, mraba kwa mraba, wakifukia majani kwenye kingo zake ili maji ya mvua yasimamie hapo na udongo usikimbie. Juu ya kingo hizo walikuwa wamekwishapanda maharage. Mahali palipokuwa na njia nyeupe palikuwa na mashimo yenye maji na maharage yenye majani mawili mawili. Ukitaka kupita unatembea juu ya kingo huku umetanua mikono, na kila unapokanyaga unaua chakula cha mtu. Nilisimama pale nikatafuta vigingi vyangu. Mia mbili na ushee, hakikuonekana hata kigingi kimoja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Ndunguru, mkubwa wa ukoo wa pale. Nilimkuta anapukuchua mahindi kivulini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu, Bwana Miti. Vigingi vyako vile pale. Tumekutunzia.”

Vilikuwa vimefungwa mafungu kwa kamba ya mgomba, vimeegemezwa ukutani, safi kuliko nilivyoviweka.

“Mzee, mbona mmeving'oa?”

“Uliviweka shambani.”

“Palikuwa na njia.”

“Palikuwa na majani,” alisema, bila hasira, kama mtu anayemfundisha mgeni kushika jembe. “Shamba likilala, watu wanapita. Likichimbwa, njia inahama. Hukuuliza?”

“Ningemuuliza nani, mzee? Nilitazama ramani.”

Alicheka mpaka akaweka hindi chini. Akamwita mkwewe, mke wa mwanawe, dada mmoja mchangamfu aitwaye Fokasia, aje asikie kwamba mtu wa usipa ameuliza karatasi njia inapita wapi. Walinicheka wote wawili, kisha wakanipa maji ya kunywa, na ndipo nikafundishwa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita bila kukiona.

Wamatengo hukaa kwa ntambo. Ntambo ni kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, na kwa kawaida ni cha ukoo mmoja. Wanaume wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao kula pamoja, na wakishakula huzungumza mambo yao. Kikao hicho wanakiita sengu. Kila mwaka kabla ya kuchimba ngolo, kwenye sengu ndiko kunakoamuliwa nani anachimba wapi, na watu watapita wapi mpaka mavuno. Kila aliyezaliwa pale anaijua njia ya mwaka huo bila kuambiwa mara ya pili. Mimi nilikuwa nimepita ntambo sita na sikuwa nimekaa kwenye sengu hata moja. Kwa macho yao nilikuwa nimeingia kwenye nyumba sita kwa kupitia dirishani, nikapigilia misumari, nikaondoka.

“Wengine wameanza kuiacha,” Mzee Ndunguru aliniambia kuhusu sengu. “Siku hizi mtu ana kahawa yake, ana mnunuzi wake, anakula na mlango umefungwa. Lakini njia bado tunaijadili. Njia huwezi kula peke yako.”

Nilikuwa na siku kumi na ntambo sita. Nikaacha ramani kwa Mzee Ndunguru, nikaenda kila mahali mikono mitupu, isipokuwa mfuko wa usipa wakavu ambao ulinifungulia midomo mingi. Nilikula ugali kwa watu sita wa koo sita, nikajieleza, nikaomba njia ya wageni wangu. Na lazima nikiri kwamba sijapata kufurahia siku kumi za kazi kama zile. Nilikuwa nadhani naijua elimu ya njia, kumbe nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu.

Niliwasikia wakibishana kwa mambo ambayo hayamo kwenye kontua yoyote. Mahali pamoja walikataa njia fupi kwa sababu ndugu wawili wenye mashamba yanayopakana hawasemezani, na wapita njia wangegeuzwa mashahidi. Mahali pengine waliiondoa kwenye kijito kwa kuwa pale ndipo akina mama wanapooga. Kwenye ntambo ya nne niliona njia inapinda vibaya, inapanda kidogo bila sababu, inapita mbele ya nyumba moja ya nyasi, halafu inashuka tena. Nikauliza kama hatuwezi kuinyoosha.

“Pale anakaa bibi mmoja, peke yake,” alinijibu mkubwa wao. “Miguu haimpeleki mahali. Tukiinyoosha njia, nani atampa shikamoo?”

Nikaandika hilo kwenye daftari langu. Nililiona jambo zuri, nikalipigia mstari.

Kamati ilikuja na watu watatu, lakini mwenye sauti alikuwa Afisa Utumishi wa Mkoa, mama mnene, mcheshi, aliyevaa viatu vya raba alivyonunua mtumbani asubuhi ileile. Nilipomwona akishuka kwenye gari nilimkumbuka mzee wangu na debe lake, nikamweka mbele ili atupangie mwendo. Kila ntambo tuliyofika tulikuta mtu amesimama njiani kutupokea na kutuvusha mpaka kwenye kijito cha mbele, ambako mwingine anasubiri. Hakuna aliyekanyaga harage. Kwa yule bibi wa ntambo ya nne, Afisa Utumishi aliketi kwenye mkeka akanywa uji wa ulezi, akasema hata mjini siku hizi hapati mapokezi hayo. Tulifika kibandani saa tisa na robo. Jua bado liko juu.

Mama Otilia alikuwa amefagia kiwanja. Aliwaonyesha kipimamvua, akawaletea madaftari ya miaka yote. Kaimu alisimamia njia kama alivyoahidi. Afisa Utumishi alifungua kurasa moja moja, akasema hajawahi kuona mtumishi asiyekosa siku hata moja, akatangaza palepale kwamba kituo hakifungwi na mlinzi hapunguzwi. Tukapiga makofi. Kaimu alinishika mkono kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi, saa tatu ilipokaribia, nilimkuta Mama Otilia kwenye kipimamvua, amekaa chini, daftari limefungwa mapajani. Wageni walikuwa ndani wanakunywa chai.

“Mama, umefurahi?” nilimuuliza.

“Bwana Miti,” alisema, “kule chini umeomba njia kwa watu wangapi?”

“Ntambo zote sita.”

“Na hapa umefika mara ngapi?”

“Mara nyingi, mama. Unajua mwenyewe.”

“Uliniuliza nini?”

Nilitafuta. Nakumbuka nilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko yote. Nilikuwa nimemuuliza kama kuni zipo. Nilikuwa nimemuuliza kama bati linavuja.

“Binti yangu ameolewa Mbamba Bay,” alisema. “Ana watoto watatu, sijamwona hata mmoja. Mvua haina sikukuu. Pasaka naisikia kengele upepo ukiwa mzuri, nafanya ishara ya msalaba, napima maji, naandika. Nikiondoka siku moja daftari lina tundu, na nitafukuzwa kwa aibu, bila haki yangu. Nilikuwa nangoja wanipunguze kwa heshima, wanipe kiinua mgongo changu. Nilikuwa nimefunga vitu vyangu tangu Oktoba.”

Niligeuka nikatazama kupitia mlango. Godoro lilikuwa limeviringishwa pembeni. Nilikuwa nimeliona jana yake nikadhani ametupisha wageni nafasi ya kulala.

Niliona aibu ambayo bado naiona ninapoandika. Nilikuwa nimepigia mstari habari ya bibi wa ntambo ya nne, nikaitembeza kamati yote mpaka kwake, nikapita nikaendelea kwenda kumfungia mlango mwanamke mwingine. Nikamwambia, “Mama, nisamehe.” Akasema, “Ngoja nipime, saa imefika.” Akapima, akaandika.

Nilishuka nikawaza njia nzima. Kituo kilikwishatangazwa kuwa kinabaki, na lazima kiwe na mtu. Mara hii nilianza kwa kuuliza: nilipanda tena kwa Mama Otilia, akasema kazi ya ziwani karibu na bintiye angeipokea. Nilikwenda Liuli kwa mke wangu, nikamweleza yote bila kujisafisha, nikamuuliza kama angekubali mimi nikae Lihekwa na Mama Otilia apewe kazi kwenye kitalu cha ziwani. Siku ya tatu alisema niende, lakini Pasaka na Krismasi niwe nyumbani, na kama mvua haiwezi kusubiri nitafute mtu wa kuisubiri. Kaimu aliponisikia alivua miwani.

“Wewe mtu wa ziwani ukae kule? Una akili timamu?”

“Sijui, mkuu. Lakini nimeichagua njia ya kwenda kule. Si vibaya nikaone inaishia wapi.”

Ilichukua barua nne, na Kaimu aliziandika zote. Mama Otilia alishuka kabla ya kiangazi. Mizigo yake ilibebwa na watu wa ntambo sita kwa kupokezana, na mimi nikabaki na kopo la shaba.

Nilikaa Lihekwa miaka saba, mpaka mwisho wa utumishi wangu. Nilijifunza ukungu, jinsi unavyoweza kukaa mlangoni wiki nzima. Nilijifunza kusikiliza nyayo, kwa sababu unapoishi mwisho wa njia kila anayekuja anakuja kwako. Fokasia, yule mkwe wa Mzee Ndunguru, alikuwa akinishikia zamu kwenye sikukuu, na mwandiko wake kwenye daftari ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mara nyingine nikirudi nilimkuta hana haraka ya kuondoka. Amepanga mawe kuzunguka kipimamvua, amepanda maua. Kila mwaka mwezi wa pili nilishuka kwenye sengu zote sita kuuliza njia ya mwaka huo. Haikuwahi kuwa ileile mara mbili. Vijana wanaoingia idarani sasa wana vyombo vya kuwaonyesha walipo mpaka hatua ya mwisho, na ninavifurahia sana, nimewahi kuomba kushika kimoja wakanionyesha Liuli yangu kutoka angani. Nawashauri tu kwamba kikishawaonyesha njia, wabishe hodi.

Umri wangu wa kustaafu ulipofika, ofisi ililetewa mkuu mwingine, mtu mwema. Akanitumia barua ya kuniongezea muda kwa mkataba, kwa kuwa, aliandika, kituo kinanihitaji na ananijua ninavyokipenda. Nafasi ya sahihi ilikuwa imeachwa wazi chini. Niliiweka mezani nikaizunguka siku kadhaa. Wiki hiyohiyo, mchana, nikasikia nyayo za watu wawili, na nilipotoka nikamwona Mama Otilia, amezeeka, fimbo mkononi, na binti yake nyuma amebeba kapu la mihogo na usipa. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Alisema alitaka kuona kama bati bado linavuja.

Tukala. Akaiona barua, akamwomba bintiye amsomee. Binti alipomaliza, Mama Otilia aliikunja akairudisha mezani.

“Na wewe unataka?” aliniuliza.

Nimefanya kazi chini ya wakuu saba, wengi wao watu wazuri, wakanihamisha, wakanisifu, wakanipandisha, na hilo swali sikuwahi kuulizwa. Mama Otilia hakunisaidia. Alisubiri, mikono juu ya fimbo.

“Nataka kushuka,” nilisema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

“Na hapa?”

“Yupo Fokasia. Yeye alikwishaniambia mara tatu kwamba anapataka na mumewe amekubali, na mimi nikawa namwona anatania.”

“Basi kesho umwambie umemsikia,” alisema.

Asubuhi tulipima mvua pamoja, halafu nikafunga mizigo, na mfukoni nikatia barua ya mkuu bila sahihi pamoja na yangu ya kumwombea Fokasia nafasi. Yeye alitangulia na fimbo yake, binti akafuata, mimi nyuma. Kwa Mzee Ndunguru nilimkuta Fokasia akipepeta maharage, nikamwambia nimemsikia. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kipya kichwani, akauliza aanze lini. Nilimkabidhi ufunguo hapo hapo uani, kisha nikamwomba atuonyeshe njia ya mwaka huu inapita wapi.